Zamu ya Nani kwa Tabibu?

Alasiri, baada ya watu kutoka msikitini na kabla jua halijapoa sawasawa, kijiwe chetu cha kahawa hapa Tanga kilikuwa kimekwisha kukamilisha jamaa zake: Karani Mstaafu, aliyeandika majalada ya idara ya afya kwa umri wake wote wa kazi, na ambaye hata leo hutamka tarehe kana kwamba anazipiga muhuri; Baharia, ambaye hakuna bandari utakayoitaja asiyopata kuugua humo; Dalali, aaminiye kwamba kila kitu chini ya mbingu kina bei, na aijuaye bei hiyo ni yeye; Maalim, ambaye kusema kwake ni nadra; na Bi Vitumbua, asiyehesabiwa katika wanabaraza kwa kuwa karai lake liko hatua mbili kando, ingawa hapana shauri lililopata kupita pale pasi na ridhaa yake. Siku hiyo aliongezeka mtu wa sita, kijana wa mtaa huu huu aliyekuja mapumzikoni kutoka Uingereza, na jamaa, walipoona mapumziko yenyewe yameingia mwezi wa pili, walimbandika jina la Bwana Likizo.

Mazungumzo yalizuliwa na goti. Bwana Likizo alikuja akichechemea, akaketi kwa taabu, na Dalali, ambaye hawezi kuona kasoro ya mtu akanyamaza, akataka kujua kwa nini mtu atokaye katika nchi ya madaktari aje kuchechemea katika nchi ya wachuuzi.

"Goti hili langoja kupasuliwa," akajibu kijana. "Daktari wa mtaa aliniandikia barua ya rufaa mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Spitali ikanijibu kwa barua nzuri mno, yenye kunishukuru kwa subira yangu, hali mimi wakati huo sikuwa nimetoa subira yoyote bado."

Bi Vitumbua akaacha kugeuza vitumbua. "Mwanangu, Ulaya hiyo hiyo yenye gari la moshi chini ya ardhi, ndiko goti la mtu lingojako Ramadhani mbili?"

Hapo Karani akavua miwani, ishara ambayo sisi tuliomzoea twajua maana yake, tukaagiza kahawa nyingine. Akaeleza ya kwamba tarehe 5 Julai 1948, kwa juhudi ya waziri aitwaye Aneurin Bevan, mtu aliyeanza maisha katika migodi ya makaa ya Wales, Waingereza walijiwekea kanuni kwamba kila mgonjwa, tajiri na fukara, atatibiwa pasipo kutoa fedha mkononi. Na watu waliokaa miaka bila meno na bila kuona vizuri wakamiminika kutaka meno ya bandia na miwani, hata ilipofika mwaka 1951 serikali ikalazimika kutoza malipo kwa vitu hivyo viwili, na Bevan akajiuzulu kwa ghadhabu. "Lakini daktari na upasuaji," akasema Karani, "ni bure hadi leo."

"Si bure," akakata Dalali. "Hulipwa kwa siku badala ya shilingi. Haya, niambie, walipaji ni wangapi?"

"Mwezi wa Septemba 2023, orodha ya England peke yake, bila Scotland wala Wales, ilifika takriban milioni 7.7. Ila nitasema kwa uaminifu wa kikarani kwamba hiyo ni hesabu ya matibabu yanayongojewa wala si ya vichwa, kwa sababu mwenye goti bovu na jicho bovu huandikwa mara mbili."

"Milioni saba na ushei! Hao ni Dar es Salaam nzima, na Zanzibar juu yake!"

Karani akatulia, midomo ikimcheza, kisha akatangaza kwamba kwa sensa ya mwaka 2022 Dar es Salaam ina watu milioni 5.4 na Zanzibar milioni 1.9, jumla milioni 7.3, na kwa hiyo hata baada ya kuwapanga foleni watu wote hao, watoto wachanga pamoja na wakuu wa wilaya, Waingereza wangebaki na nafasi zipatazo laki nne zisizo na mtu. Dalali akajibu kwamba nafasi hizo angejua pa kuzipeleka.

Nadhani msomaji amekwisha kutambua kwamba Dalali hakuja pale kusikitika. Aliposikia kwamba sharti lao Waingereza wenyewe ni kuwa wagonjwa 92 katika kila 100 wasiwe wamengoja zaidi ya wiki 18, na kwamba sharti hilo halijatimizwa tangu mwaka 2016, alitikisa kichwa kwa huruma ya kazi, kama mtu wa soko asikiaye habari za duka lililofilisika. Lakini Bwana Likizo alipoingia katika habari za chumba cha dharura, Dalali alisogeza kigoda. Kijana alieleza kwamba serikali iliweka sharti jingine, lililokamilika mwaka 2004, kuwa mtu aliyeletwa na ajali au ugonjwa wa ghafula awe amekwisha kuhudumiwa, amelazwa au ameruhusiwa, kwa muda usiozidi saa 4 tangu kuingia. Na kweli, watu waliacha kukesha mabenchini. Ila mahali pengine magari ya wagonjwa yalionekana yameegeshwa nje ya mlango, mgonjwa angali ndani, kwa sababu saa haikuhesabiwa mpaka avuke kizingiti. Na palipokatazwa mtu kulazwa juu ya machela ya magurudumu katika ukumbi, Bunge lao lenyewe lilipata kuelezwa kwamba kuna machela zilizong'olewa magurudumu, zikaitwa vitanda.

Dalali akaweka kikombe chini kwa heshima. "Huyo aliyeng'oa magurudumu," akasema, "alizaliwa mbali kwa bahati mbaya tu. Mahali pake ni hapa, baina yangu na Maalim."

Maalim akajongea upande wa pili.

Sasa Baharia, aliyekuwa amekaa kimya muda mrefu kupita desturi yake, akatufikisha Yokohama, ambako alishikwa na tumbo. Kwa kauli yake, Mjapani mwenye bima, na wote wana bima tangu mwaka 1961, hana haja ya kuandikiwa miezi: akiamka na maumivu huenda akaonwa siku ile ile, hata katika spitali kubwa, ingawa huko asiyeleta barua ya rufaa hutozwa zaidi. "Ila wao wenyewe," akaongeza, "hutaniana kwamba ni muda wa saa 3 kungoja na dakika 3 kuonwa. Mimi nilipata dakika 4, kwa sababu daktari hakujua Kiswahili." Kutoka Yokohama akatweka mpaka Göteborg, akasema kwamba Waswidi wameandika dhamana katika sheria, nayo huitaja kwa tarakimu: 0-3-90-90.

Dalali alikuwa amekwisha kuandika tarakimu hizo kiganjani. "Nikipiga, nimwombe nani?"

Ikambidi Karani aeleze kwamba ile si namba ya simu: ni siku 0 za kungoja kuwasiliana na kituo cha afya, siku 3 za kupimwa hapo kituoni, siku 90 kumfikia daktari bingwa, na siku 90 nyingine hadi matibabu yaliyokatwa shauri, na siku hizo zikipita, mkoa wapaswa kumtafutia mgonjwa mahali pengine bila kumwongezea gharama. Wako wengi wanaongoja zaidi ya hapo, kwa maana dhamana haimpigi mtu kisu, lakini angalau mtu ajua siku gani amedhulumiwa.

Baharia akaendelea mpaka Uchina, na hapa ndipo palipotaka kuvunjika baraza. Alisimulia kwamba katika spitali mashuhuri za Beijing zamu ya kumwona bingwa ilipata kuwa bidhaa: walanguzi walijipanga usiku, wakazichukua namba, wakaziuza asubuhi, na mwaka 2016 msichana mmoja aliyeambiwa alipe yuan 4,500 kwa namba yenye thamani ya yuan 300 alipaza sauti yake mbele ya watu wote, na picha zake zikaenea nchi nzima. Baharia hakuwahi kumaliza. Dalali alikuwa amesimama, macho yameelekea upande wa spitali, na vidole vikihesabu.

"Kaa chini," akasema Bi Vitumbua.

Akakaa.

"Basi Marekani," Dalali akauliza kwa sauti ya mtu aliyenyimwa, "huko kwenye fedha foleni hakuna?"

"Ni fupi," Karani akajibu, "na sababu mojawapo ni kwamba wako wasiofika kupanga. Mwaka 2023 watu wapatao milioni 26 hawakuwa na bima ya afya. Sheria ya mwaka 1986 yailazimu spitali yenye chumba cha dharura, maadam inapokea fedha za serikali, impokee kila ajaye, impime na kumtuliza hali yake, awe na kitu au hana. Lakini goti la huyu kijana si dharura. Asiye na bima wala fedha, goti lake litamngojea nyumbani, wala hakuna atakayemwandikia barua ya kumshukuru kwa subira." Kisha akatuhadithia habari ya Kanada, ambako mzee mmoja wa Quebec, George Zeliotis, aliyengoja takriban mwaka mzima ili atiwe nyonga mpya, alishirikiana na daktari Jacques Chaoulli kuishitaki serikali iliyokataza watu kukata bima ya binafsi kwa matibabu yatolewayo na umma, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya nchi, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ikawapa haki, kwa hoja kwamba kuandikwa jina katika orodha si kutibiwa.

Nilidhani hapo gumzo limefika ukingoni, maana kahawa ilikuwa imebaki machicha, lakini Bi Vitumbua akafuta mikono kwa upindo wa kanga, akauliza swali ambalo naona aibu kwamba hakuna mwanamume yeyote kati yetu aliyelifikiri. "Bwana Karani, umetuhesabia Waingereza, Waswidi na Wamarekani. Na sisi je? Sisi twangoja muda gani?"

Karani akavaa miwani. Akaivua. Dalali akamwokoa kwa kusema kwamba sisi hatungoji. Mtu huenda kituoni alfajiri, huchukua namba, na aghalabu adhuhuri haijaadhiniwa amekwisha kuonwa, jambo ambalo kijana huyu kwa goti lake hawezi kulidai huko aliko. Na maneno hayo yalikuwa na ukweli wake.

"Jirani yangu ana mtoto wa jicho," akasema Bi Vitumbua. "Jicho la kwanza lilizimika, sasa la pili laingia ukungu. Upasuaji wenyewe, nimeambiwa, hauchukui hata saa moja. Yeye amengoja mwaka wa nne. Alingoja nauli, nauli ilipopatikana mjukuu akaugua, ikatumika. Alingoja mtoto wake arudi kutoka machimboni ampeleke. Akaenda, akaambiwa daktari wa macho yuko siku nyingine. Siku nyingine hakuwa na nauli. Haya, mwandikie. Yumo katika orodha ya nani?"

Hakuna aliyejibu mara moja. Karani ndiye aliyekuwa wa kwanza, na sauti yake haikuwa ile ya tarehe. Alisema ya kwamba mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipochunguza kwa nini wanawake hufa wakati wa uzazi, waligawanya ucheleweshaji mafungu matatu: kuchelewa kukata shauri la kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika, na kwamba yeye katika miaka yake yote ya ofisini alijaza fomu za fungu la tatu tu, kwa kuwa mafungu mawili ya kwanza hayana dirisha wala karani. Serikali iliyaona hayo, akaongeza, maana mpango wa afya ya msingi ulioanza mwaka 2007 ulikusudia zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na sheria ya mwaka 2023 inataka bima ya afya iwe ya watu wote. Ila zahanati haipasui jicho, na bima haimfungi mtu mkanda wa basi.

"Saa yangu mimi," Bwana Likizo akasema polepole, "ilianza siku spitali ilipopokea barua. Saa ya huyo mama haijaanza."

Mimi, niliyekuwa nikiandika haya, sioni kwamba Mwingereza atatufunza namna ya kufupisha foleni, maana foleni yake mwenyewe imemshinda. Lakini anayo foleni iliyoandikwa, ambayo hesabu yake kila mwezi huchapishwa, na waziri wake husomewa mbele ya Bunge na kuaibika. Ilhali waziri wetu hawezi kuaibishwa na mwaka wa nne wa yule mama, kwa sababu haumo katika karatasi yoyote. Kati ya nchi mbili, ile yenye foleni ndefu iliyohesabiwa naiona imetangulia ile ambayo wangojao wake wako majumbani, nje ya hesabu.

Dalali, ambaye hakuna huzuni isiyomfunulia biashara, akatoa daftari mfukoni, akatangaza kwamba yuko tayari kuwaandika wagonjwa wote wa mtaa wanaongojea nyumbani, jina, maradhi na tarehe, kwa ada ndogo ya kishikauchumba. Bi Vitumbua akanyoosha mkono, akalitwaa daftari, akampa Maalim, kwa kuwa mwandiko wake wasomeka. Ukurasa wa kwanza ukaanza na yule mwenye mtoto wa jicho, nalo goti la Bwana Likizo likakataliwa kuandikwa, kwa hoja kwamba limeandikwa tayari kwa Mfalme.

Basi waganga wakuu wa wilaya mnaosoma ukurasa huu, wekeni katika kila kituo daftari la waliorudishwa: jina, kijiji alikotoka, sababu ya kurudishwa, na siku ile. Nanyi mnaorudishwa, msiondoke dirishani kabla hamjaandikwa.