Sifa za Nyigu wa Kiwanja cha Ndege

Watu wa Garissa wamemsifu ngamia hata maneno yamekwisha. Wakulima wa kando ya Tana nao hawachoki kusifia maembe yao. Nyigu hajatolewa hata ubeti mmoja, ilhali ndiye mkaguzi wa ndege asiyedai mshahara wala posho, kuanzia Garissa na Dadaab hadi Wajir na Mandera.

Tuanze na ufundi wake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyigu huziba ufa na ukuta akajenga. Huchota tope penye bomba linalovuja, akaliviringa kidonge, akatafuta tundu. Humo hutaga yai na kupanga buibui au viwavi aliowadunga wakapooza bila kufa, mwanawe akianguliwa akute kitoweo kibichi. Ni mzazi gani mwingine hulipa karo mapema hivyo?

Tundu mojawapo analolipenda ni mrija wa pito, ule unaochomoza kwenye bawa au pua ya ndege. Upepo unaoingia humo ndio unaomwonyesha rubani mwendo wake. Ukizibwa, kipimo husema uongo.

Washitaki wataleta kesi ya tarehe 6 Februari 1996. Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini ikitoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, na watu wote 189 wakafa. Wachunguzi walisema huenda nyigu alijenga ndani ya mrija. Msiba huo si wa kuchezea, ila mshitakiwa naye ana utetezi: ndege ilikaa siku kadhaa bila vifuniko vya mirija, na rubani mkuu aliona kipimo chake kimekufa ndege ikiwa bado inakimbia chini, akaruka hivyo hivyo. Nyigu hakutia sahihi popote.

Hapo ndipo ilipo sifa yake kuu: haheshimu sahihi. Karatasi ya ukaguzi iliyotiwa sahihi alfajiri katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, haimfungi nyigu wa Garissa saa nane mchana. Kwa ajili yake, rubani wa ndege ndogo aina ya Caravan, awe mkongwe kiasi gani, lazima ainame chini ya bawa na kuchungulia, na akiegesha arudishe kifuniko chekundu. Akishainama, macho hukutana na mengine: tairi lililolegea, tone la oili, propela iliyomegwa na kokoto. Hukinga mafuta kidogo kwenye kikombe angavu, akayainua juani kutafuta maji na uchafu. Vitabu vya sheria havijafaulu kuinamisha shingo ngumu kama alivyofaulu mdudu huyu.

Basi ewe abiria unayetazama saa na kunung'unika rubani akiizunguka ndege, mwache amalize. Akipanda moja kwa moja bila kuizunguka, wewe shuka.