Barua ya Wazi kwa Wapanga Tarehe

Waheshimiwa,

Sisi huku Kitomanga tunazidi kushangaa jinsi mnavyoijua kalenda ya Lindi kuliko hata bwana shamba wetu.

Maana haiwezi kuwa bahati mbaya. Programu yenu ya kutunzia data, SQL Server ya 2008, mliikatia msaada tarehe 9 Julai 2019. Ya 2012 ikafuata tarehe 12 Julai 2022. Ya 2014, 9 Julai 2024. Ya 2016 mmeipangia 14 Julai 2026. Julai, mwezi ambao ghala la ushirika wetu limejaa ufuta hadi mlangoni, mnada unaita, na karani hakumbuki kama amekula. Mkiikosa Julai mnatua Oktoba: Windows 10 ilikatiwa tarehe 14 Oktoba 2025, korosho ndiyo kwanza zinaokotwa, na SQL Server 2017 inangoja zamu yake tarehe 12 Oktoba 2027. Machi, mvua inanyesha na hakuna mwenye cha kuuza, hamuioni kabisa.

Basi tunaomba mtuhamishie vifo hivi vya programu Machi. Tunajua hamfanyi jambo bila utafiti, kwa hiyo mleteni mhandisi wenu, tena yule yule anayesaini tarehe, akae nasi msimu mmoja. Apande basi Mbagala, ashukie hapa barabarani. Tutampa chumba chenye chandarua, ugali wa muhogo na samaki wa Mchinga. Kazi si ngumu. Atakaa kwenye mizani, apokee magunia, aingize majina. Atakutana na akina Saidi Mohamedi kadhaa, wote wa kijiji kimoja, na itabidi ajue yupi ni Saidi wa kisimani na yupi ni Saidi wa baiskeli, kwani hela ikiingia akaunti siyo, anayefuatwa nyumbani usiku ni karani. Mchana kompyuta itamwambia kuwa toleo hili halina msaada tena. Hapo ndipo utafiti unapoanza. Mama aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri atamuuliza, "Mwanangu, jina langu limeingia?" Tunaomba amjibu yeye mwenyewe, kwa maneno yale yale mnayotuandikia sisi: kwamba ili aendelee kufurahia huduma bora, ahamie toleo jipya. Sisi tutakuwa nyuma yake na kalamu, tukinukuu majibu ya mama kwa ajili ya ripoti yenu. Akinusurika, tutamvisha kofia ya ushirika na kumteua Mjumbe wa Kudumu wa Kalenda.

Mengine ni madogo. Onyo lisitokee gunia likiwa juu ya mizani. Na kile kitufe cha "nikumbushe baadaye" tuuzieni na sisi, tuna watu wanatudai ada za shule.

Lakini hebu tuulizane. Programu imeharibika wapi? Inafunguka, inajumlisha, inachapa stakabadhi. Tuliinunua, hatukuiazima! Aliyetuuzia mfumo, mtu wa mjini, hata kuja kuuona hakuja. Alituma ankara tu: leseni mpya, seva mpya, na kompyuta mpya, eti hizi hazina kile kijidude cha usalama kinachodaiwa na Windows 11. Au tulipie nyongeza ya msaada. Kwa Windows 10, ofisi inatozwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na kila mwaka bei inazidishwa mara mbili, hadi mwaka wa tatu. Dola hizo zinatoka kwenye kilo ya mkulima. Zinasomwa kwa sauti mkutano mkuu, kwenye makato, baada ya ushuru, ghala na magunia. Msomaji akifika hapo aseme nini? Kwamba tunalipa ili tusiachwe? Vijana wa kijiweni wakitoza hela ya namna hiyo tunawapeleka kwa mtendaji.

Mtusamehe, ni joto.

Tunaelewa kuwa programu ya zamani ina matundu, wezi hupitia humo, na kuziba kuna gharama. Hata PostgreSQL, programu nyingine ya kutunzia data ambayo ni ya bure, kila toleo hutunzwa miaka 5 tu; SQL Server mnaipa 10, ahsanteni. Ila mkorosho wa miaka 10 ndiyo kwanza unachangamka.

Mhandisi awahi kabla ya tarehe 14 Julai 2026, na aje na tochi. Posho yake mtalipa nyinyi. Sisi tumeshakatwa.

Wenu mtiifu,
Karani wa Mizani na Kompyuta,
Kitomanga, Lindi