Siku ya Kupumzika

Mheshimiwa wetu wa Dar kashuka Mpanda, anataka siku ya kupumzika: chemchemi ya maji moto, taulo jeupe, picha mbili tatu. Sawa. Njia ya kwenda Majimoto hupita Sitalike na kukatiza Hifadhi ya Katavi, ambako mbung'o hawaombi tiketi. Shusha kioo tu, masaji inaanza. Pale Mto Katuma viboko wamebanana topeni kiangazi chote, na hawajaambiwa kwamba huo ni utalii. Kule Iceland watu hulipa kuoga Blue Lagoon, maji yaliyokwisha kutumika kwenye mtambo wa umeme wa Svartsengi. Huku maji yanachemshwa na Bonde la Ufa lenyewe, hata kijiji kikaitwa Majimoto. Mheshimiwa akatia kidole, akaruka. Kisha akauliza kama yapo ya baridi.