Tisa Mpaka Moja: Fundi wa Tovuti Kati ya Kilosa na Mikumi

Kwa asiyeijua kazi hii: mfumo huria wa kusimamia maudhui ni programu unayoipakua bure na kuiweka kwenye seva, kisha mteja anaingia mwenyewe kuandika na kupachika picha bila kugusa hata mstari wa msimbo. Maarufu kuliko yote ni WordPress, inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia, na za wateja wangu karibu wote kati ya Kilosa na Mikumi. Tovuti ya halmashauri, kilosadc.go.tz, ni mali ya serikali na ina wenyewe, kwa hiyo hapa nazungumzia loji, shule, saccos na wakulima. Tunahesabu kurudi nyuma. Mwenye haraka aende moja kwa moja namba moja, lakini atakosa nanasi.

9. Mambo? Poa.

WordPress ilipokuwa bado changa, kulikuwa na mfumo ulioitwa Mambo. Ndiyo, Mambo. Jina lilishikwa na kampuni ya Miro ya Australia. Mwaka 2005 waandishi wa programu wakakosana na kampuni kuhusu nani awe na sauti, na kwa kuwa msimbo ulikuwa huria wakaubeba, wakaondoka. Jina jipya wakalitoa kwetu: Joomla, yaani jumla iliyovalishwa suti. Basi tuna mfumo wenye jina letu, uliozaliwa na mfumo wenye salamu yetu, na bado ukimtajia mteja wa Kilosa Joomla anauliza kama ni dawa ya mifugo.

8. Nasubiri toleo la Mbaraka

Matoleo makubwa ya WordPress hupewa majina ya wanamuziki wa jazi. La 1.0, Januari 2004, lilikuwa la Miles Davis. La 5.0, Desemba 2018, likaenda kwa Bebo Valdés, mpiga piano wa Cuba. La 5.6 ni Nina Simone. Sasa mimi nafanyia kazi mkoa wa Morogoro, mkoa wa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na sijaona hata toleo dogo la kufuta jasho. Msiniambie ile haikuwa jazi. Iliandikwa kwenye jina la bendi, na kama Mcuba ameingia, Cuban Marimba inazuiwa na nani? Toleo la Mbaraka lingekuja na solo ndefu ya gitaa wakati wa kuapdeti, na hakuna ambaye angelalamika kwamba seva inajivuta.

7. Simba wa megabaiti saba

Kila mwenye loji Mikumi anataka slaida: picha kubwa tano zinazopishana juu ya ukurasa. Ya kwanza simba, ya pili twiga, ya tatu bwawa la viboko, ya nne machweo ya uwanda wa Mkata, ya tano yeye mwenyewe na tai. Zote zimetoka kwenye kamera moja kwa moja, na simba peke yake ana uzito wa megabaiti saba.

WordPress imejitahidi kutuficha aibu. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, picha inayozidi pikseli 2,560 inapunguzwa yenyewe, na tangu 5.5 picha za chini haziitwi mpaka msomaji azifikie. Lakini simba wa slaida yuko juu kabisa. Anaitwa kwanza, na anakula bando la mtu aliyekuwa anatafuta namba ya simu tu.

Ukitaka kuona ukurasa uliosanifiwa vizuri kuliko zote wilayani, panda basi la Iringa. Barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na kando yake kuna ubao wa faini za kugonga wanyama: mnyama, bei, mnyama, bei. Hakuna slaida, hakuna muziki, hakuna dirisha linalokurukia kukuomba barua pepe. Unausoma wote ukiwa kwenye siti ya dirishani, basi likiwa linatembea, na unajua twiga ni shilingi ngapi kabla dereva hajabadilisha gia. Nimewahi kumwambia mteja tuige ubao ule kwenye ukurasa wake wa bei za vyumba. Akaniuliza kama nataka kuwatisha wageni.

6. Saa ngapi huko?

WordPress ikiwa mpya huja na saa za UTC. Usipoichagulia Dar es Salaam, tangazo ulilopanga litoke asubuhi litatoka watu wakirudi shambani. Hilo dogo, unalirekebisha kwa kubofya mara moja. Kubwa ni saa yetu wenyewe. Mteja anaandika kwa Kiswahili kizuri: safari ya kuangalia wanyama inaanza saa 12:30 asubuhi. Kijana wa mapokezi anaitia kwenye mashine ya kutafsiri, na upande wa Kiingereza inatoka nusu saa baada ya usiku wa manane. Mgeni Mjerumani, ambaye huwa hacheleweshi kitu, atasimama kibarazani na kamera yake kifuani, fisi wakimshangaa.

5. "Si umesema ni bure?"

Mazungumzo haya yamefanyika mara nyingi, na siku zote kwenye kiti cha plastiki.

— Hiyo WordPress inauzwaje?
— Bure, bosi.
— Na jina?
— Jina la .co.tz unalilipia kila mwaka. Kwa loji ipo hata .hotel.tz.
— Na pale linapokaa?
— Hostingi. Unalipia pia.
— Na wewe?
— Mimi nalipwa kazi.
— Sasa bure iko wapi?

Swali la haki kabisa. Bure iko kwenye leseni, ile ya GPL, inayokuruhusu kuutumia msimbo, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa bila kumpigia mtu magoti. Ni uhuru, lakini mteja alikuwa anasikiliza bei. Nami siwezi kumlaumu, maana katika nchi hii uhuru wa kuandika mtandaoni nao umewahi kupewa bei: kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe maombi, leseni na ada ya mwaka, jumla zaidi ya shilingi milioni 2. Ada zilikuja kushushwa baadaye, ila kipindi kile kulikuwa na vijana ambao blogu nzima, na kompyuta iliyoandikiwa, havikufika bei hiyo.

4. Kuiba kitu cha bure

Kuna themu, yaani mavazi ya tovuti, za kulipia, na kuna watu wanaozichukua, wanazivunja kufuli na kuzigawa kwenye makundi ya Telegram. Fundi wa haraka anapachika moja, mteja anafurahi. Miezi inapita. Siku moja mzazi anatafuta tovuti ya shule ya msingi ili aone fomu ya kujiunga, anakuta shule inatangaza kamari kwa Kiindonesia. Hiyo ndiyo bei yake: ndani ya themu kulikuwa na mlango wa nyuma, na walioufungua wala hawajui Kilosa ni wapi. Themu za bure za halali zipo maelfu, zimekaguliwa, zinapakuliwa hadharani. Kuiba hapo ni sawa na kuruka ukuta usiku kuingia msikitini.

3. Nanasi

Septemba 2024, Matt Mullenweg, aliyeianzisha WordPress pamoja na Mike Little mwaka 2003, alitangaza vita na kampuni ya WP Engine, ambayo kwa maneno yake inavuna sana na kurudisha kidogo. Ugomvi wa matajiri, nikasema haunihusu. Oktoba, kila anayetaka kuingia kwenye akaunti yake ya WordPress.org akakuta kisanduku: tiki hapa kuthibitisha huna uhusiano wowote na WP Engine. Mtu uko Kilosa, umeme umekatika, unatumia intaneti ya simu, na unaapishwa kwa kesi ya California.

Desemba mahakama ikaamuru kisanduku kiondolewe. Kikaondolewa, na mahali pake kikawekwa kingine: tiki hapa kwamba nanasi ni tamu juu ya piza. Sitanii. Piza kwa huku ni habari ya kusikia, lakini nanasi tunalijua, nikatiki bila kusita. Wakulima wa nanasi wa Kiwangwa wasingenisamehe.

Kinachonifurahisha kwenye sinema hii yote ni kwamba loji za Mikumi hazikutikisika. WordPress yenyewe ilianza hivi hivi: Mfaransa Michel Valdrighi alikuwa na programu ya blogu iliyoitwa b2, akapotea hewani, vijana wawili wakaichukua ilipoishia na kuendelea nayo. Leseni iliwaruhusu. Mullenweg naye akiamka kesho na kisanduku cha ndizi, wengine watafanya kama yeye alivyofanya. Ndiyo maana nawapa wateja mfumo huria hata pale ambapo kampuni za kutengeneza tovuti kwa kuburuta vipande zingenipunguzia kazi nusu.

2. Habari mpya za zamani

Hapa ndipo tovuti za wilaya zinapofia, na hakuna kirusi kilichohusika. Mfumo wa kusimamia maudhui unasimamia maudhui. Hauyaandiki.

Ukifungua tovuti nyingi za huku, "Habari Mpya" ni ile moja inayokuja na WordPress ikitoka kiwandani, ya kuisalimia dunia kwa Kiingereza, na chini yake maoni ya mtu anayejiita mchangiaji wa WordPress. Huyo ndiye msomaji mwaminifu kuliko wote wilayani. Yuko kwenye saccos, yuko kwenye shule, yuko kwenye ushirika wa ufuta. Hajawahi kukosa.

Ukurasa wa "Jinsi ya Kufika" ndio kipimo changu. Ninaufungua kwanza kabla sijampa mtu bei ya matengenezo. Loji inamwelekeza mgeni apande basi Ubungo. Mabasi ya mikoani yalishahamia Mbezi Luis, kituo cha Magufuli, tangu 2021. Mgeni atafika Ubungo na begi lake na kuanza kuuliza bodaboda. Kisha Agosti 2024 treni ya SGR ya Dar hadi Dodoma ikazinduliwa rasmi. Mtu anashuka Morogoro hata chai ya asubuhi haijamtoka tumboni, anamalizia kwa gari. Milima ya Kilosa imetobolewa mahandaki kwa ajili ya reli hiyo. Mlima umetobolewa, aya moja imeshindikana kubadilishwa.

Ukimuuliza mwenye loji anakwambia hana muda. Ukimwangalia, yuko kwenye simu: anapachika picha ya tembo kwenye statasi ya WhatsApp, ameandika chini yake maelezo mazuri, yenye utani, yenye bei, yenye tarehe. Maudhui anayo. Anayaandika kila siku na yanafutika baada ya saa 24. Fomu ya kuhifadhi chumba niliyomtengenezea inapeleka ujumbe kwenye barua pepe iliyofunguliwa na mpwa wake aliyekwisha kwenda chuo. Nikaacha kushindana. Siku hizi kitufe kikubwa cha kijani kinakwenda WhatsApp moja kwa moja, na kila mwezi namwomba anitumie statasi zake nizigeuze makala. Fomu ipo bado, kwa heshima.

1. Ufunguo anao nani?

Fundi wa huku akitaka kula miaka kumi kwa mteja mmoja, njia ni rahisi: jina la tovuti analisajili kwa jina lake, hostingi inasoma barua pepe yake, na nywila ya msimamizi anaijua yeye na Mungu. Mteja akidai mabadiliko, analipia. Akichoka, hana pa kwenda. Halafu fundi anabadilisha laini, au anahamia Dodoma, na loji inabaki na tovuti isiyoingilika kama nyumba ya mirathi.

Mfumo huria ulitengenezwa ili hili lisiwezekane. Ndani ya WordPress kuna kitufe cha kutoa maandishi yako yote kwenye faili moja, na mtu yeyote mwenye ujuzi, awe Mikumi au Mwanza, anaweza kupokea pale nilipoachia. Sifa yake kubwa, kwa mtazamo wangu, ni kwamba mteja anaweza kunifukuza. Tatizo hawataki. Niliwahi kupeleka bahasha ya makabidhiano kwa mama mmoja mwenye vyumba vya wageni karibu na barabara kuu.

— Shikamoo mama.
— Marahaba mwanangu. Nini hiki?
— Funguo za tovuti yako. Jina umesajiliwa wewe, hostingi ni yako, hii nywila ni ya msimamizi.
— Kaa nazo wewe. Mimi nitazipoteza.
— Nikifa je?
— Usiseme hivyo, chukua soda.

Nikachukua soda. Sikuondoka na bahasha. Tukakaa, akavaa miwani, akaisoma nywila yangu herufi moja moja: kubwa, ndogo, alama ya mshangao, namba.

— Haya ni matusi. Weka Mikumi2024.

Nikaiandika mbele yake. Kipimo cha WordPress kikawaka chekundu: dhaifu sana.

— Dhaifu nani? Mbona ndiyo hiyo ninayotumia Facebook miaka yote!

Ikabidi tuanze na Facebook.