Barua ya Wazi kwa Msuluhishi wa Uskoti

Kwa Mtukufu Edward wa Kwanza,
Mfalme wa Uingereza,
Westminster.

YAH: SHUKRANI KWA USULUHISHI WA MWAKA 1292

Barua hii imechelewa kwa zaidi ya miaka 700, na Mtukufu atatuwia radhi. Waliopaswa kuiandika mapema walikuwa wakizika watu wa Berwick.

Mambo yalianza Machi 1286, Mfalme Alexander wa Tatu wa Uskoti alipopanda farasi usiku wa dhoruba kumfuata mkewe, Yolande. Alikutwa amekufa karibu na Kinghorn. Mrithi wake, mjukuu mdogo aitwaye Margaret, binti wa mfalme wa Norwei, akafia Orkney mwaka 1290 akiwa njiani kuupokea ufalme. Wakajitokeza wadai 13. Ili wasichinjane, wakubwa wa Uskoti wakamwita jirani awaamue.

Jirani alifika Norham, Mei 1291, na sharti dogo tu: kwanza wamkiri kuwa yeye ndiye bwana mkuu wa Uskoti. Wenyeji wakajibu kwa adabu kwamba suala hilo ni la mfalme kujibu, na mfalme hawana. Mtukufu hakugombana nao. Aliwageukia wadai wenyewe, ambao kila mmoja alijua kwamba atakayekataa amejitoa mwenyewe kwenye kinyang'anyiro. Wakakiri. Kesi ya nyani ikawa imefika kwa ngedere, na kabla ya kuisikiliza ngedere akakabidhiwa ngome zote za kifalme azitunze.

Kesi yenyewe, haki isemwe, iliendeshwa vizuri. Waliketi wajumbe 104: 40 walioteuliwa na mdai John Balliol, 40 na mdai mwenzake Robert Bruce (babu wa yule maarufu), na 24 wa Mtukufu. Floris wa Tano, mtawala wa Holland, alidai kuna hati ya zamani inayompa ufalme, ila hakuja nayo. Kesi ikaahirishwa miezi kumi. Hati haikuonekana.

Bruce naye alikuwa burudani. Alianza kwa kushikilia kwamba ufalme haugawanyiki, na kwamba yeye, mwana wa binti wa pili wa David wa Huntingdon wa ukoo wa kifalme, yuko karibu zaidi na shina kuliko Balliol, mjukuu wa binti wa kwanza. Hoja ilipozama, aliungana na mdai mwingine, John Hastings, kudai ufalme huohuo ukatwe mafungu matatu.

Novemba 17, 1292, katika ngome ya Berwick, ushindi ukaenda kwa Balliol. Kisheria hukumu ilikuwa sahihi, na hapo ndipo Mtukufu anapostahili sifa zake. Hakimu mla rushwa angemwachia Balliol walau nafasi ya kulalamika. Huyu alimwachia deni.

Deni likaanza kudaiwa mapema. Desemba 26 mfalme mpya alikula kiapo cha utii Newcastle. Mwaka 1293 aliitwa mbele ya bunge la Uingereza kujibu malalamiko ya Macduff, raia wake mwenyewe, kama mdaiwa yeyote. Mwaka 1294 akatakiwa kutoa askari wa kwenda kupigana na Wafaransa. Waskoti wakaona heri wafanye mkataba na Wafaransa haohao. Machi 1296 Mtukufu akarudi Berwick, mji uleule wa hukumu, na safari hii hakuja na wajumbe. Julai, Balliol alivuliwa ufalme na nembo ikabanduliwa kwenye joho lake. Tangu hapo Waskoti wanamwita Joho Tupu. Alifia Ufaransa mwaka 1314, mwaka ambao mjukuu wa Bruce alimchapa mwana wa Mtukufu huko Bannockburn.

Limebaki swali la hesabu. Jiwe la Scone, ambalo wafalme wa Uskoti walitawaziwa juu yake, lilibebwa hadi Westminster mwaka 1296 na kurudishwa 1996. Je, katika vitabu vya Mtukufu liliandikwa kama ada ya msuluhishi, au gharama za usafiri?

Nakala: Floris wa Tano, Holland. Tafadhali aambatishe hati yake, ikiwa imeonekana.