Ngeli za Mwalimu wa Shahada: Uainishaji wa Awali kutoka Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero limechunguzwa sana. Mbu wake wananaswa, wanahesabiwa na kuandikwa katika majarida ya kitabibu tangu Mswisi Rudolf Geigy alipofungua maabara yake Ifakara katika miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1990 wataalamu wa ndege waliutangazia ulimwengu mnana mmoja wa matete ya mto Kilombero asiyekuwa amepewa jina la kisayansi. Mwaka 2002 uwanda wenyewe wa mafuriko ukaingizwa kwenye orodha ya Ramsar. Kiumbe mmoja tu amesahauliwa, ingawa anaonekana mchana kweupe, bila darubini, kuanzia Kidatu hadi Mlimba: mwalimu mwenye shahada. Gharama ya kumkuza haijaandikwa popote, wala mavuno yake akishakomaa.

Kuhusu mbinu sina mengi. Kilatini wameshakichukua watu wa mbu, basi mimi nimetumia ngeli, ambazo kila mwalimu wa Kiswahili anazo kichwani na hazilipiwi ada. Kigezo ni kile kile cha darasani: usitazame umbo la mwalimu, tazama upatanisho wake na mshahara.

Ngeli ya kwanza ni A-WA: ameajiriwa, wameajiriwa. Hawa ndio viumbe hai kamili. Wana cheki namba, wana kituo cha kazi, na mwisho wa mwezi simu zao zinalia. Ndani yake mna madaraja: mwenye cheti huanzia TGTS B, wa stashahada TGTS C, wa shahada TGTS D. Hapa ndipo mizani inapowekwa mezani, na naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana bila hesabu huu utakuwa umbea.

Tuchukue mwaka wa fedha 2021/22. Mwalimu mpya wa shahada aliandikiwa shilingi 716,000 kwa mwezi, na wa stashahada 530,000. Tofauti ni 186,000, na hiyo ndiyo tarakimu anayotajiwa mzazi siku anapoambiwa mtoto kachaguliwa chuo kikuu. Sasa tukate. Wa shahada anatoa asilimia 5 ya PSSSF, asilimia 3 ya bima ya afya, asilimia 2 ya Chama cha Walimu, na kodi ya mapato 52,040. Kisha inakuja Bodi ya Mikopo na asilimia 15 yake, yaani 107,400. Kinachobaki ni 484,960. Wa stashahada naye anakatwa vyote hivyo isipokuwa Bodi, ambayo wakati huo kwa kawaida haikukopesha ngazi yake, na anabaki na 458,320. Toa. Shahada imeleta shilingi 26,640 kwa mwezi.

Nilirudia hesabu hiyo kwa kikokotoo cha simu, kisha kwa kalamu. Ni 26,640.

Mchumi atasema deni huisha, na ni kweli. Tuseme anadaiwa milioni 10, tarakimu niliyoipenda kwa wepesi wake tu. Kwa 107,400 kila mwezi litaisha baada ya miezi 94. Lakini kuna mwaka mmoja ambao mwenzake wa stashahada, waliyemaliza naye kidato cha sita, alikuwa ameshaingia kazini huku yeye yuko Mkwawa au Dodoma anangoja bumu, yaani fedha ya kujikimu ya Bodi, lisome. Mwaka huo una thamani ya 5,499,840. Ukijumlisha vyote, wa shahada anamfikia mwenzake baada ya miezi 116 ya kazi, yaani miaka tisa na miezi minane, mambo mengine yote yakibaki kama yalivyo. Mambo mengine kubaki kama yalivyo ni sharti zito kidogo katika bonde ambalo kila masika huchora ramani yake upya.

Tena hesabu hiyo imedhani kwamba wote wawili waliajiriwa siku walipovua majoho. Dhana hiyo inatupeleka kwenye ngeli ya pili.

I-ZI ni ngeli ambayo umoja na wingi havitofautiani: nyumba ni nyumba, ziwe moja au mia. Humo yumo mwalimu wa kujitolea na ndugu yake wa tempo. Afundishe vipindi kumi au thelathini, darasa liwe na watoto arobaini au mia na kitu, posho haibadiliki umbo. Hutokana na michango ya wazazi, na mchango wa mzazi wa bondeni hufuata msimu: mwezi Julai, mpunga ukiwa ndani, huja bila kuitwa, mwezi Februari, ghala likiwa linafagiliwa, mwenyekiti wa kamati ya shule hapokei simu. Kielelezo bora cha ngeli hii ni mwalimu wa fizikia, ambaye kila shule ya kata inamhitaji na kila shule ya kata inampongeza.

Ngeli ya tatu ni KU. Haina wingi, kwa sababu wahusika wake wanaishi ndani ya vitenzi: kuomba, kungoja, kusailiwa, kungoja tena. Ndiyo iliyonona kuliko zote. Ajira za walimu zilizofanyiwa usaili mwaka 2025 zilikuwa nafasi 14,648, na waombaji walizidi laki mbili. Mwaka huo huo waliokosa wakasikika kupitia umoja wa walimu wasio na ajira, NETO, na kwa mara ya kwanza kitenzi kikapata uongozi. Wanaodharau ngeli hii wasisahau kwamba nchi hii ilishawahi kuwa na haraka na walimu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 vijana wa darasa la saba walifunzwa kazini ili watoto wote waingie shule, wakaitwa walimu wa UPE. Miaka ya 2000 shule za kata zilipoota kila mahali, waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache, na mitaa ikawabatiza vodafasta. Wote hao waliajiriwa. Aliyesoma miaka mitatu ndiye anayeulizwa uzoefu. Mlango nao una saa yake: tangazo la ajira humtaka mwombaji asizidi miaka 45.

Nilidhani nimemaliza, mpaka nikakutana na PA-KU-MU, ngeli ya mahali, iliyoharibu jedwali langu lote. Mwalimu huyu yupo pale shuleni Mchombe, yuko kule shambani, yumo mle kwenye kibanda cha wakala wa kutuma pesa. Ukimtafuta Januari saa nane mchana utaelekezwa kwa kidole. Kisheria ni wa A-WA. Kitabia ni mkulima wa mpunga mwenye ujuzi wa kuandaa azimio la kazi.

Huyu ndiye aliyenifungulia tatizo la mizani, kwa kuwa 26,640 haikumtikisa hata kidogo. Kumbe nilikuwa napima kitu kisicho sahihi. Bondeni shahada haithaminiwi kwa mshahara, inathaminiwa kwa hati ya mshahara, ile karatasi ambayo benki inaiamini kuliko inavyoliamini shamba lisilo na hati. Kwa karatasi hiyo anakopa mamilioni, anakodi ekari Mngeta au Mbingu, analipia trekta, mbegu ya SARO 5 na vibarua wa kupalilia, kisha anaweka mpunga ghalani mpaka bei ipande. Mkulima asiye na hati hawezi kusubiri. Anauza wakati wa mavuno, pengine ungali mbichi shambani. Akibanwa zaidi anakwenda kwa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali, ambako (lazima niseme) na walimu pia huonekana, wakiwa wameacha kadi ya benki rehani.

Fuata sasa njia ya fedha. Mjomba mmoja wa Signali aliuza mpunga kwa bei ya haraka kila Oktoba, vyuo vinapofunguliwa, ili kujazia pale Bodi ilipoishia: godoro, nauli, kompyuta mpakato ya mkono wa pili. Mpwa akasoma, akangoja, akaajiriwa, akapata hati, akakopa, akalima mpunga. Shahada ya ualimu, kwa ushahidi nilionao, ni njia ya miaka kumi hivi ya kutoka kwenye mpunga wa kuuza Oktoba hadi kwenye mpunga wa kuuza Machi. Kwa mizani ya mchumi hiyo ni hasara. Kwa mizani ya mjomba, faida ya kusubiri bei haina mfano, na ndiyo maana mdogo wake mpwa naye ameshajaza fomu.

Bado sijaamua pa kumweka mwalimu aliyeoa mwalimu. Nyumba ina hati mbili, mikopo miwili, ekari za huyu Mbingu na za yule Mang'ula, na kila mmoja anamficha mwenzake kiasi halisi cha makato. Suala hilo litahitaji safari nyingine, na itabidi iwe baada ya mavuno. Kabla ya hapo hakuna anayekaa nyumbani akahojiwa.