Sphinx Kwenye Kompyuta Tatu: Vituko Sita, Tukianzia Chini

Ukiambiwa kusakinisha Sphinx ni amri moja, hujadanganywa: `pip install sphinx`, basi. Programu hii, ambayo Georg Brandl aliitoa mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python, huchukua maandishi ya kawaida ikayageuza kuwa tovuti, PDF au kitabu pepe. Siku hizi hata nyaraka za kernel ya Linux hutengenezwa nayo. Yenyewe haina makuu. Wenye makuu ni wenyeji wake: Windows, macOS na Linux.

6. Windows inakupeleka dukani
Unaandika `python`, unabonyeza Enter, linafunguka duka la Microsoft. Ulitaka kazi, umepewa matembezi. Dawa ni kile kisanduku kidogo kilicho chini ya dirisha la kwanza la kisakinishi cha Python, kinachouliza kama uiingize kwenye PATH. Kitie tiki. Mac nayo isicheke: kwenye mashine mpya, ukiandika `python3` inakudai kwanza usakinishe zana zake za wasanidi.

5. Nukta moja, ugomvi mzima
Sphinx inakuandalia Makefile kwa ajili ya Linux na Mac, na `make.bat` kwa ajili ya Windows, ili watu wote waandike `make html` na waishi kwa amani. Amani hiyo huishia kwenye PowerShell, ambayo haiendeshi faili iliyo mbele ya macho yake mpaka uitaje hivi: `.\make html`. Command Prompt ya kizamani wala haina neno. Wazee wana busara zao.

4. Debian inakufungia mlango kwa adabu
Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, ukijaribu kutumia `pip` moja kwa moja kwenye mfumo unajibiwa kwamba mazingira haya yana msimamizi wake. Ujumbe huohuo unakutajia na njia ya kulazimisha: `--break-system-packages`. Aliyeipa jina hilo hakutaka lawama. Tengeneza mazingira pepe, `python3 -m venv mazingira`, na ukiambiwa moduli haijakamilika, sakinisha `python3-venv` kwa apt. Kisha uyawashe: kwenye Linux na Mac faili ya kuwashia imo ndani ya `bin`, kwenye Windows imo ndani ya `Scripts`. Kwa nini? Usiulize.

3. PDF inakula bando
Tovuti hutoka kwa sekunde chache. Akija bosi akasema anataka PDF, ndipo unapokutana na LaTeX, ambayo Sphinx huitegemea kwa kazi hiyo. Kwenye Mac, MacTeX kamili ni zaidi ya GB 4. Ukiipakua kwa bando la simu, liage salio kabisa. Kwenye Windows utaweka MiKTeX, halafu uambiwe kwamba `latexmk` inahitaji Perl, nayo Perl haimo. Mimi nasema PDF ijengwe kwenye mashine moja tu, tena ya Linux. Wengine muulizeni bosi kama ataichapisha kweli.

2. Seva isiyopenda mstari wa chini
Umefaulu kote kutatu, unapeleka kurasa GitHub Pages, zinatokea uchi: hakuna rangi, hakuna mpangilio. Sphinx huweka mapambo kwenye folda ya `_static`, na Jekyll, inayofanya kazi nyuma ya pazia huko, huziruka folda zinazoanza na mstari wa chini. Ongeza `sphinx.ext.githubpages` kwenye orodha ya viendelezi ndani ya `conf.py`. Kwisha.

1. JPG na jpg
Huyu ndiye mfalme, kwa sababu anaua akiwa anatabasamu. Kamera imekupa `bandari.JPG`. Wewe kwenye ukurasa umeandika `bandari.jpg`. Windows inaona ni kitu kilekile, Mac kwa kawaida yake nayo inaona hivyo hivyo, na picha inang'aa. Mwenzako anajenga kwenye Ubuntu, picha haipo. Kibaya zaidi, Sphinx inalalamika kwa sauti ndogo, `image file not readable`, kisha inafunga kazi kwa furaha: `build succeeded, 1 warning`. Imefaulu! Picha imepotea, lakini imefaulu.

Ndiyo maana kwenye majaribio naendesha `sphinx-build -W`, ambayo hugeuza kila onyo kuwa kosa. Wanaoiona ni ukali wajaribu kuwaeleza wasomaji kwa nini ukurasa wa bandari hauna bandari.

Na usidhani kusahihisha ni kubadilisha jina tu. Fanya hivyo kwenye Windows au Mac uone: Git inakujibu hakuna kilichobadilika, na Ubuntu ya mwenzako inaendelea kulia. Andika `git mv bandari.JPG bandari.jpg`, uhifadhi, utume upya, kisha mpigie mwenzako kabla hajaanza kuilaumu Sphinx.